Kupanga mtoko kwa Kiingereza: namna ya kufundisha kupendekeza, kukubali na kukataa

Mwanafunzi wa kidato cha kwanza anaweza kukutajia miundo sita ya kutoa pendekezo kwa Kiingereza bila kukwama. Mpe mwenzake, waambie wapange kwenda Coco Beach Jumamosi, na mazungumzo yanakufa baada ya sentensi mbili. Mmoja atasema "Let's go to the beach", wa pili atajibu "Yes", basi. Hawajapanga saa, hawajui wanakutana wapi, na nauli haijatajwa.

Kwa hiyo kipimo cha somo hili kisiwe idadi ya miundo. Kiwe hiki: mwisho wa kipindi, kila jozi iwe imekubaliana inaenda wapi, siku gani, saa ngapi, na inakutana wapi. Maelezo yafuatayo yanamfaa mwalimu mwenye vipindi viwili vilivyoungana, yaani dakika 80, kwa kidato cha kwanza na cha pili au kwa watu wazima wa kiwango hicho.

Miundo minne inatosha

Chora mstari wa wima katikati ya ubao. Kushoto andika "Let's", "Shall we" na "Why don't we". Kulia andika "How about". Chini ya kushoto weka kitenzi kitupu: "go", "visit", "take". Chini ya kulia weka kitenzi chenye "-ing", au jina la mahali peke yake: "How about going to Kigamboni?", "How about Kigamboni?". Mchoro huo ubaki ubaoni hadi mwisho, kwa sababu karibu kila kosa la sarufi utakalolisikia linatokana na kuvuka mstari huo: "Shall we going", "How about to go", "Let's going".

Makosa mawili yana chanzo kingine. "Let's to go" hutokea kwa sababu mwanafunzi amekariri vitenzi vikiwa na "to" mbele: "to go", "to eat". "Let's we go" ni Kiswahili kinachosema chini kwa chini: katika "twende" kuna "tu-", kwa hiyo anahisi "sisi" amesahauliwa. Mwonyeshe kwamba ile "s" baada ya alama ya ritifaa ni "us" iliyofupishwa. Sisi tumo tayari. Ukishamwonyesha hivyo mara moja, wengi hawarudii.

Eleza pia uzito wa kila muundo, maana Kiingereza nacho kina adabu zake. "Let's go" ni "Twende": msemaji ameshaamua nusu. "Shall we go?" humwachia mwenzako nafasi ya kusema la. "How about going" ni "Unaonaje tukienda", na ndio ulio salama kwa mtu usiyemzoea. Kwa mkubwa wako, mwalimu au mgeni, wape kifungu kimoja cha kukariri kizima: "Would you like to come with us?". "I suggest" iache kwa sasa. Ni ya mikutano na barua, na inazaa "I suggest us to go" ambayo itakuchukua wiki kuing'oa. Ukimsikia mwanafunzi anasema "How about we go", usimkosoe. Wenye lugha husema hivyo katika mazungumzo ya kawaida. Usiifundishe tu siku ya kwanza.

"Why don't we" inahitaji dakika zake. Ukiuliza "Why don't we go to Bagamoyo?" darasa litakujibu "Because it is far", kwa kuwa wamesikia swali la kutaka sababu. Tiba iko ndani ya Kiswahili chenyewe. Andika "Kwa nini hatuendi?" na "Kwa nini tusiende?", kisha waulize ipi ni pendekezo. Watajua mara moja. Waambie "Why don't we" katika kupanga mtoko ni ile ya pili, na haidai sababu, inadai ndiyo au la.

Katika matamshi, shughulika na mambo mawili tu. La kwanza ni mwisho wa "Let's". Wengine husema "letisi", wengine huacha "s" kabisa, na "let go" ni "achia", si "twende". Jenga sentensi kutoka mwisho kurudi mwanzo, darasa zima likiitikia: "beach", "the beach", "to the beach", "go to the beach", "Let's go to the beach". Ukianza na "Let's" wanachoka kabla ya kufika mwisho na sentensi inakatika. La pili ni "th". "Thursday" huanza kama "thelathini", na "that" huanza kama "dhahabu". Anayesema "selasini" atasema "Sursday" pia, kwa hiyo anza na neno la Kiswahili kwanza.

Majibu ndiyo yanayostahili muda

Wengi hutumia nusu saa kwenye miundo ya kupendekeza na dakika tano kwenye majibu. Geuza. Kupendekeza ni rahisi, kwa sababu unasema unachotaka wewe. Anayejibu ana kazi zaidi: asikie, aamue, na mwenzake asiumie. Tenga dakika 25 hapa.

Kukubali kwa "Yes" pekee kunasikika baridi, kama mtu aliyelazimishwa. Weka sheria ya darasa kwamba jibu la kukubali linaishia na swali: "That sounds great. What time?", "Good idea. Where shall we meet?". Swali hilo ndilo linalosukuma mazungumzo mbele, na ukilidai kila mara, tatizo la sentensi mbili linaisha.

Kukataa kuna sehemu tatu, na inafaa uziandike kwa chaki za rangi tatu: hamu, sababu, pendekezo jingine. "I'd love to, but I have to help my mother on Saturday. How about Sunday?" Sababu iwe fupi, sentensi moja, yenye "I have to" au tendo lililokwisha kupangwa: "I'm visiting my aunt". Wazuie wasisimulie ugonjwa wa shangazi kuanzia mwanzo. Angalia pia "I'd". Sauti ya "d" ni ndogo mno, na mwanafunzi husema "I love to, but", sentensi ambayo haisimami. Mwanzoni waseme "I would love to" kwa urefu wake, wakizoea, wafupishe.

Hapa pana jambo la desturi linalowaponza hata wanaojua sarufi. Sisi tunakataa kwa kuzunguka: "Nitaangalia", "Tutawasiliana", "Mungu akipenda". Mswahili mwenzako anaelewa kwamba huendi. Ukitafsiri ikawa "I will try" kwa mgeni asiyejua desturi hiyo, huenda akakusubiri kituoni. Kwa Kiingereza, kukataa hulainishwa mwanzoni kisha husemwa wazi: "I'm afraid I can't". Fafanua kwamba "afraid" hapo haihusu woga wowote. Ni njia ya kusema "samahani, sitaweza". Kinyume chake nacho kipo. Mwingereza au Mmarekani akikwambia "We should go out sometime", hajakualika bado. Mfundishe mwanafunzi kujaribu uzito wa maneno hayo kwa kuuliza "How about this Saturday?". Akipata siku, ni mwaliko. Akipata tabasamu, ulikuwa ukarimu wa maneno.

Kisha kuna swali lenye ukanushi. "Don't you want to come?" Mwanafunzi asiyetaka hujibu "Yes", kwa sababu kwa Kiswahili ni "Ndiyo, sitaki": anaafiki kauli ya muulizaji. Kiingereza hakiangalii kauli ya muulizaji, kinaangalia tendo lenyewe. Haendi, basi ni "No, I don't". Anaenda, basi ni "Yes, I do". Uliza maswali matano ya namna hiyo haraka haraka kuzunguka darasa, kila jibu liambatane na kichwa kutikiswa au kuitikia. Mwili na neno vikigongana, mwanafunzi anajirekebisha mwenyewe.

Asiyependa mahali palipotajwa asiseme "I don't like". Mpe "It's a bit far" na "I'd rather go to the museum". Baada ya "I'd rather" kitenzi ni kitupu, upande wa kushoto wa ubao.

Saa sita za tofauti

Mpango mzuri kabisa huharibika hapa. Mwanafunzi amekusudia saa nane mchana, anasema "at eight o'clock", na mwenzake anatokea saa mbili asubuhi. Chora uso wa saa na uonyeshe kwamba saa ya Kiingereza iko upande wa pili kabisa: nane inatazamana na mbili, kumi inatazamana na nne, tatu inatazamana na tisa. Hii ni nyepesi kuliko kuongeza au kutoa sita kichwani huku mtu anakusubiri ujibu. Zoeza kwa kunyoosha kidole: saa kumi na nusu ni "half past four", saa tatu asubuhi ni "nine in the morning". Sisitiza wamalizie kwa "in the morning" au "in the afternoon", ili hata aliyekosea agundulike.

Vihusishi vya mahali na wakati pitia haraka: "on Saturday", "at two o'clock", "in the afternoon", "at the bus stand". "Go to the beach" ina "to". "Go swimming" na "go home" hazina.

Maneno mawili ya kwetu yanahitaji tahadhari. "Escort me", kutoka "nisindikize", kwa wageni linaleta picha ya ulinzi, au jambo jingine lisilofaa. Semeni "Come with me". Na "I invite you" haielezi nani analipa. Anayegharimia aseme "It's on me"; asiyejua aulize "How much will it cost?" mapema, kabla hawajafika getini.

Zoezi la kadi

Kata karatasi ya manila ziwe kadi za ukubwa wa kiganja. Kila kadi ina ratiba ya Jumamosi na Jumapili, asubuhi, mchana na jioni, nafasi sita. Jaza nne, acha mbili wazi. Kadi A: Jumamosi asubuhi kufua, Jumamosi jioni mazoezi ya kwaya, Jumapili asubuhi kanisani, Jumapili jioni kazi za shule. Kadi B: Jumamosi asubuhi sokoni, Jumamosi mchana mpira, Jumapili asubuhi kwa bibi, Jumapili jioni madrasa. Nafasi pekee inayolingana ni Jumapili mchana. Mwambie mwenye A aanze na nafasi yake ya kwanza iliyo wazi, hapo lazima akataliwe angalau mara moja. Ukiacha nafasi nyingi wazi, wanakubaliana papo hapo na zoezi halikufundishi kitu.

Mahali paandikwe ubaoni, pawe pa kweli na pa karibu. Kwa Dar es Salaam, Kijiji cha Makumbusho au kuvuka kwenda Kigamboni; kwa Mwanza, kisiwa cha Saanane; kwa Mombasa, Fort Jesus; kwa Unguja, Forodhani. Ulizia viingilio na nauli za wakati huo kabla ya kipindi, uziandike kando. Mwanafunzi anayejua bei anabishana vizuri zaidi.

Jozi moja ikifanya vizuri itasikika hivi:

— Why don't we go to the Village Museum on Saturday afternoon?
— I'd love to, but I'm playing football. How about Saturday evening?
— I'm afraid I can't. I have choir practice. Are you free on Sunday afternoon?
— Yes, I am. What time shall we meet?
— How about two o'clock?
— Great. Where?
— At the Makumbusho bus stand.
— OK. Two o'clock on Sunday, at the bus stand. See you there.

Darasa likiwa na wanafunzi 60, safu ya kwanza, ya tatu na ya tano zigeuke nyuma. Hakuna haja ya kuhamisha madawati. Kadi zisionyeshwe. Wape dakika sita. Wewe tembea na daftari, sikiliza, usikatize. Andika makosa matano yanayojirudia, uyashughulikie mwisho bila kutaja mtu.

Muda ukiisha, watenganishe. Kila mmoja aandike peke yake kwenye kipande cha karatasi: mahali, siku, saa, sehemu ya kukutana. Linganisha karatasi mbili za kila jozi. Zikifanana, wamefaulu, hata kama sarufi iliyumba njiani. Zisipofanana, tafuta walipopotezana. Mara nyingi ni saa, au ni mmoja aliyesema "OK" bila kurudia walichokubaliana, kila mtu akabaki na mpango wake. Jozi hiyo haina haja ya kuanza upya. Warudie ile sentensi ya mwisho ya kuthibitisha, wote wawili kwa zamu, kisha watenganishe tena waandike.