Ukibadilisha kapasita ya twita, ongeza na rizista

Kwa wanaofufua spika za miaka ya 1970: krosova zake nyingi (saketi za ndani zinazogawa sauti nzito na nyembamba) zina kapasita za elektroliti zisizo na chanya wala hasi, na nyingi sasa zimechoka. Ukiweka ya plastiki kwenye njia ya twita (spika ndogo ya sauti nyembamba), yenye mikrofaradi zilezile, unganisha nayo kwa mfululizo rizista ya takriban omu 0.5, wati 5. Elektroliti ina ukinzani wake wa ndani, na aliyebuni spika aliipanga sauti akiwa na ukinzani huo humo ndani. Plastiki karibu haina, hivyo twita inapata nguvu zaidi na herufi "s" za mwimbaji zinaanza kuchoma masikio. Ukinzani wa kapasita kuukuu usiuige, maana hupanda kwa uzee. Badilisha spika moja kwanza, kisha cheza wimbo mmoja kwa mono ulinganishe na nyingine. Rizista haihitajiki kama kapasita za kiwandani zilikuwa za plastiki, na haitaponya twita iliyofifia kwa sababu nyingine. Kwenye spika za AR-3a, kwa mfano, vidhibiti sauti vya nyuma huota kutu. Anza kwa kusafisha vidhibiti hivyo.