Jinsi ya kutumia "believe" na "belief" katika Kiingereza

Mwanafunzi wa Kampala hukosea neno hili kwa sababu lugha zake zinamruhusu mengi. "Kuamini" ni kusadiki habari, ni kuwa na dini, ni kumtegemea mtu pia. "Okukkiriza" ya Luganda huongeza kukubali na kuruhusu. Kiingereza huvitenganisha, kwa hiyo jiulize kwanza: naamini nini?

Ukisadiki maneno ya mtu, andika "I believe you." Ukiamini kwamba kitu kipo, au kwamba mtu ana uwezo, ongeza "in": "I believe in God", "I believe in my daughter." Aliyechelewa akikueleza sababu nawe ukamjibu "I believe in you", umemtia moyo tu, hujamwambia kama umemsadiki. Mtu unayeweza kumwachia pesa za kikundi anahitaji kitenzi kingine: "I trust our treasurer." Na aliyekubali ombi, "he accepted."

Mara nyingi "I believe" haina uzito wa imani hata kidogo. "I believe the bus to Gulu leaves at seven" ni sawa na "nadhani", basi usiitumie pale unapokuwa na hakika. Ukikanusha, peleka kikanushi mwanzoni: "I don't believe he is at home."

Kiambishi -na- cha "ninaamini" huwavuta wengi waandike "I am believing." Kiingereza sanifu hakisemi hivyo, kwa kuwa kuamini ni hali, si tendo linaloendelea. "I believe" inatosha.

Nomino ni "belief", wingi "beliefs", kwa f. "Believes" ni kitenzi: "she believes". Kuandika "their believes" ni kosa linalopoteza alama bure kabisa. "Belief" pia ni pana kuliko dini. Katiba ya Uganda ya 1995, ibara ya 29, inaiweka pamoja na uhuru wa mawazo na dhamiri, na uhuru wa dini unatajwa katika aya yake yenyewe. Kwa mashahidi wa Namugongo, yaani Wakristo wa Uganda waliouawa kwa ajili ya dini yao, neno linalokaa vizuri zaidi ni "faith": "They died for their faith."

Katika matamshi, kaza silabi ya pili. Kwenye Luganda, l ikifuata i au e hugeuka r, ndiyo maana husikika "birivu". Gusisha ncha ya ulimi nyuma ya meno ya juu, ishike hapo kidogo kabla ya kuachia "-lieve", na umalizie kwa v bila kuongeza irabu.