Kadi za Wizi Kwenye Duka la Mtandaoni: Ukague Nini Kabla ya Kutuma Mzigo

Unauza vikapu au vitenge kwa wateja wa nje? Ujumbe wa "malipo yamekubaliwa" usikulevye. Unathibitisha kwamba kadi ni nzima na ina fedha, haukuambii aliyeishika ni nani. Kwa Visa na Mastercard, mwenye kadi mara nyingi ana hadi siku 120 za kupinga muamala. Akipinga, fedha zinachomolewa kwako na ada unakatwa, na kikapu kilishaondoka.

Hatua ya 1. Washa 3D Secure kwenye mipangilio ya kampuni inayokupokelea malipo. Mteja atapelekwa kwa benki yake athibitishe. Akithibitisha, hasara ya kadi ya wizi kwa kawaida huhamia kwa benki iliyoitoa. Wengine huizima wakihofia wateja watachoka njiani. Duka dogo halina ubavu huo.

Hatua ya 2. Dai zile namba tatu za nyuma ya kadi, lakini usizitunze popote. Kanuni za PCI DSS, yaani za usalama wa taarifa za kadi, zinakataza. Mteja akikutumia picha ya kadi WhatsApp, ifute, mpe kiungo cha kulipia.

Hatua ya 3. Isome oda. Kazi yenyewe iko hapa. Dalili mbaya ni hizi. Vikapu 40 kwa mteja mgeni ambaye hakuuliza bei wala saizi, ila anataka viondoke leo. Kadi tatu zimekataliwa, ya nne ikapita. Kadi ya nchi moja, mzigo wa nchi nyingine. Hii peke yake si kosa, maana Mkenya wa Minnesota, Marekani, humnunulia mamake aliye Kisumu. Dalili zikifika mbili, piga simu. Mnunuzi wa kweli ataongea, tena atakuuliza maswali.

Ukiona msururu wa malipo madogo madogo usiku, hao si wateja: wanapima kadi za wizi dukani kwako. Weka kikomo cha majaribio.

Hatua ya 4. Mteja atasema: "Nimezidisha malipo, mtumie msafirishaji wangu chenji kwa M-Pesa." Kataa. Fedha hurudi kwenye kadi ileile iliyolipa, basi.

Hatua ya 5. Shaka ikibaki, rudisha fedha yote kabla ya kutuma. Ukituma, tunza namba ya kufuatilia mzigo, sahihi ya mpokeaji na mazungumzo yenu. Muamala ukipingwa, utapewa tarehe ya mwisho ya kujibu; ikikupita, umeshindwa hata kama haki ni yako.