SOMO: Namna ya kumsaidia mtoto afuate kitabu kirefu cha sura nyingi bila kupotea njiani

Wakuu, habari za jioni. Naandika haya mara moja ili nisiyarudie tena. Tangu nilipogusia humu kwamba jioni nasoma na watoto kibarazani kwangu, Mwanga, Kigoma, kila wiki napata ujumbe uleule: "Mwanangu anajua kusoma vizuri, lakini akifika sura ya tatu hajui kitabu kinasema nini."

Mimi ni fundi cherehani, si mwalimu. Nasoma na wanangu wawili na wa jirani watatu, wa miaka 7 hadi 10. Tumeshamaliza vitabu vinne vya kurasa zaidi ya 100. Tafadhali someni mpaka chini kabla ya kuuliza.

Hatua ya 1. Pima kitabu. Fungua ukurasa wa katikati, mtoto asome kwa sauti, akunje kidole kwa kila neno asilolijua. Vidole vitano vikiisha kabla ya ukurasa kuisha, hicho msomee wewe.

Hatua ya 2. Dakika 15 hadi 20, saa ileile kila siku. Sisi ni baada ya chakula cha usiku.

Hatua ya 3. Sura ya kwanza soma wewe, hata kama mtoto anasoma kama maji. Humo majina na mahali hutajwa kwa mkupuo, na anayepambana na silabi hawezi kuvishika vyote.

Hatua ya 4. Kila mhusika apate kitambaa chake. Nachukua vipande vinavyobaki mezani, kila mhusika kipande cha kitenge cha rangi yake, naandika jina kwa kalamu ya wino. Tunaposoma, vipande vya waliomo katika sura hiyo vinakaa mkekani. Nilianza hivi baada ya kugundua kinachowapoteza watoto. Kiswahili chetu kina "a-" moja kwa mwanamume, mwanamke, mzee, mtoto, hata sungura. Soma hii: "Alipomkuta, alimpa mzigo wake akaondoka." Nani kaondoka? Mzigo wa nani? Mtu mzima anajua kwa sababu anakumbuka ukurasa uliopita. Mtoto ameshapotea hapo, naye hasemi, anaendelea kusoma tu. Sasa tukifika sentensi ya namna hiyo nasimama, mtoto anasogeza kitambaa: huyu kampa huyu, huyu kaondoka. Sekunde tano, tunaendelea.

Vitabu virefu pia hurudi nyuma. Babu aliyekufa sura ya pili, sura ya sita watoto wanamkuta anaongea. Kumbe ni kumbukumbu, na alama yake ni ile "alikuwa amekwisha..." ambayo mtoto hupita juu yake. Tukifika huko tunageuza vitambaa upande wa ndani, ule uliofifia. Kisa kikirudi leo, tunavigeuza tena. Hili waliliweza siku ya kwanza.

Hatua ya 5. Kusimulia. Hapa ndipo nilipoharibu, kwa hiyo nisomeni polepole.

Kitabu cha kwanza nilisoma na binti yangu, akiwa darasa la tatu. Kila sura ikiisha namuuliza: nani alikwenda mtoni? Alibeba nini? Alirudi lini? Anajibu yote. Nikafurahi sana. Tulipofika sura ya saba dada yangu akaja kututembelea kutoka Kasulu, akamuuliza, "Mama, hicho kitabu kinahusu nini?" Mtoto akanyamaza, akatazama sakafu. Hakuwa na kisa kichwani, hata kidogo. Alikuwa akivua majibu: nikisema "mtoni", anaitafuta "mtoni" kwenye ukurasa na kusoma jina lililo jirani. Nilikuwa nimemfundisha kutafuta maneno. Tena kabla ya hapo alikuwa ameanza kuumwa tumbo kila ikifika saa ya kitabu, nami nikidhani ni tumbo kweli. Kitabu kile tukakiacha miezi miwili. Iliniuma, kwa sababu nilikuwa natumia nguvu zangu zote.

Ninachofanya sasa: mtoto anamsimulia mtu ambaye hakuwepo tuliposoma. Nilipokuwa nauliza mimi, alijua fika kwamba jibu ninalo, kwa hiyo kwake ulikuwa mtihani. Bibi yake hajui chochote. Bibi akisema, "Eeh, sasa kwa nini alimficha mwenzake?" anauliza kwa sababu anataka kujua, na mtoto anajitahidi ili bibi aelewe. Huko kujitahidi ndiko kunakomfanya akipange kisa kichwani.

Maonyo. Usimkatize. Akikosea jina, pitisha. Akikosea jambo linalopindua kisa chote, kesho rudini pamoja kwenye ukurasa ule, bila lawama. Usiulize swali ambalo jibu lake ni neno moja. Usiwashindanishe watoto nani kasimulia vizuri zaidi, maana aliyeshindwa kesho hatokei kibarazani. Akisema "nimesahau", anza wewe sentensi moja, umwachie amalizie. Na usichukue daftari ukaandika alama. Nawasihi sana, msiandike alama.

Hatua ya 6. Maneno magumu. Mawili au matatu kwa sura, yale tu yanayobeba kisa. Ukisimama kwenye kila neno unaua safari. Mara nyingi si neno linalomshinda, ni jambo lenyewe. Kitabu kimoja kilikuwa na meli iliyozamishwa kwa makusudi na wenyewe, halafu baadaye ikaibuliwa. Watoto wote watano wakakataa: meli ikizama imezama. Nikawaambia habari ya Liemba wanayoiona hapa bandarini. Wajerumani waliizamisha wenyewe mwaka 1916, vitani, ili isitekwe, wakazipaka injini grisi kwanza. Waingereza wakaiibua 1924, na 1927 ikaanza tena kubeba abiria ziwani. Baada ya hapo ile sura waliidai mara mbili.

Hatua ya 7. Simama pale kisa kinapokuwa moto, hata kama ni katikati ya sura. Kesho watakukumbusha wao.

Hatua ya 8. Mkikatiza zaidi ya siku tatu, msirudi sura ya kwanza. Tandazeni vitambaa, mtoto aseme kila mmoja tulimwacha wapi, muendelee.

MASWALI

Kijana wa Gungu: Mwanangu yuko la pili, kitabu gani kinamfaa?
Jibu: Hatua ya 1.

Kijana wa Gungu: Sawa, nimeipitia juujuu. Kwa hiyo kila sura ikiisha namuuliza maswali ya kutosha?
Jibu: Hapana. Hatua ya 5 yote inasema usifanye hivyo. Irudie taratibu.

Mtoto wa Isevya: Nipo Tabora. Mbona unakuza mambo? Sisi tulisoma bila vitambaa na tukafaulu.
Jibu: Nakupongeza. Lakini kumbuka uliokaa nao darasani ambao walisoma kwa sauti nzuri na hawakuambulia kitu. Hao ndio ninaowaandikia. Mtoto wako akifuata kisa bila kitambaa, usimpe kitambaa.

Mvuvi Kibirizi: Dada, mimi navua dagaa. Usiku wa giza niko ziwani na taa mpaka alfajiri. Nakuwa nyumbani usiku pale tu mwezi unapokuwa mkubwa. Mke wangu ndiye anayesoma na mtoto. Mimi nina nafasi gani hapo?
Jibu: Kaka, wewe una nafasi ambayo mimi sina. Hukuwepo, hivyo wewe ndiye wa kusimuliwa. Ukirudi zamu ya mwezi, mwambie mwanao, "Nimekosa sura sita, nieleze." Atakueleza siku nzima. Muulize usipoelewa, usijifanye umeelewa. Halafu usiku huo someni sura inayofuata pamoja, wewe umsomee. Ukiwa ziwani, mama amrekodi kwenye simu akisimulia dakika mbili, usikilize mkiwa mnasubiri dagaa wakusanyike kwenye taa. Tafadhali urudi utuambie ilikwendaje.

Mvuvi Kibirizi: Ahsante dada. Na kama msomaji nyumbani si mimi wala mama? Kuna jirani yangu, hakuna mtu mzima anayejua kusoma.
Jibu: Mtoto mkubwa asome, watu wazima wasimuliwe. Bibi niliyemtaja hatua ya 5 hajui kusoma. Ndiye mwalimu wetu bora.

Mama Pacha Kasulu: Nyumbani tunaongea Kiha. Wanangu wakisimulia kwa Kiswahili wanabanwa, sentensi mbili basi. Niwalazimishe?
Jibu: Usiwalazimishe, mama. Wasimulie kwa Kiha. Unachotaka kukijua ni kama kisa kimeingia, na kikiingia kinatoka kwa lugha yoyote. Wangu wanachanganya zote mbili. Kama kuna neno moja la Kiswahili linalobeba kisa, litumie wewe unapouliza, watalichukua bila kuambiwa. Swali zuri sana, nilipaswa kuliweka juu.

Mama Pacha Kasulu: Na vitabu vya Kiingereza? Mmoja yuko shule wanayofundisha kwa Kiingereza.
Jibu: Njia ni ileile, asimulie kwa lugha ya nyumbani. Kiingereza kinatenganisha "he" na "she", kwa hiyo vitambaa vinahitajika hasa pale wahusika wawili wa jinsia moja wanapokutana. Kinachowashinda huko ni maneno, basi punguza sura iwe nusu kwa siku.

Kijana wa Gungu: Hakuna programu ya simu ya kufanya haya yote?
Jibu: Sijui. Mimi natumia vitambaa.

Mjukuu wa Ujiji: Tukitoka nje kidogo ya mada, vitabu vyangu vinaachia kurasa kabla hatujafika mwisho, na vingine vina madoa ya mawese. Mnafanyaje?
Jibu: Madoa: nawa mikono kwa sabuni, na jalada lifunike kwa nailoni ngumu. Mawese yakishaingia kwenye karatasi hayatoki, weka unga wa muhogo juu kwa usiku mmoja upunguze mafuta tu. Kurasa: usitumie gundi peke yake, hukauka na kukatika. Kishone.

Mjukuu wa Ujiji: Kwa uzi gani? Cherehani?
Jibu: Cherehani itachana karatasi. Panga kurasa zote, gongesha zilingane, zibane kati ya vipande viwili vya mbao. Toboa matundu matano kwa msumari mwembamba, nusu sentimita kutoka kwenye mgongo. Ukitoboa ndani zaidi maneno ya kando yatamezwa. Pitisha uzi wa viatu uliopakwa nta ya nyuki, kwenda na kurudi, funga fundo upande wa nyuma. Nta huuzwa na watu wa asali. Ndipo upake gundi juu ya mshono na ubandike kipande cha kaniki mgongoni. Kiache siku moja chini ya kitu kizito kabla mtoto hajakifungua.