Kuseti tapeti za Volkswagen Beetle nyumbani

Tapeti inayogonga humtia hofu mwenye gari, lakini katika injini ya Beetle, ambayo hupozwa kwa hewa, ya kuogopwa zaidi ni ile iliyonyamaza. Kuseti tapeti ni kurekebisha nafasi kati ya roka (mkono unaoisukuma valvu ifunguke) na valvu. Nafasi hiyo ikizidi, utasikia mlio na injini itapungua nguvu kidogo. Ikiisha kabisa, valvu ya ekzosi haitakaa sawasawa kwenye siti yake (mahali inapofungia), haitapoa, na mwishowe itaungua au kukatika kichwa na kuharibu pistoni. Kwa hiyo mimi hukagua kila kilomita 5,000, siku ileile ninayobadilisha oili, ambayo ni lita 2.5 tu.

Andaa spana ya 13, spana ya 21, bisibisi bapa, fila (kibapa chembamba cha kupimia nafasi) ya milimita 0.15, gasketi mbili mpya za kava za valvu na beseni la kukingia oili. Kipimo hicho cha fila ni cha injini za kawaida za cc 1300, 1500 na 1600. Kwa injini za zamani zaidi, fuata kitabu cha gari lako.

Hatua ya kwanza ni kuiacha injini ipoe usiku kucha, kwa sababu kipimo hiki hakifai injini ikiwa na moto. Asubuhi vuta breki ya mkono, zuia magurudumu kwa mawe, weka gia huru, zima swichi na ufungue plagi zote nne ili injini izunguke kwa wepesi.

Hatua ya pili, fungua kifuniko cha distributa (kifaa kinachogawa umeme kwa plagi) na uzungushe injini kwa spana ya 21 kwenye nati ya puli ya jenereta, hadi rota, kipande kinachozunguka ndani ya distributa, ielekee alama iliyokatwa kwenye ukingo wa distributa na alama ya puli ya krenki ilingane na mstari unaounganisha nusu mbili za injini. Hapo valvu zote mbili za silinda namba 1 zimefunga. Ukisimama nyuma ya gari na kutazama mbele, namba 1 iko kulia upande wa mbele na namba 2 iko nyuma yake. Namba 3 iko kushoto mbele, na namba 4 nyuma yake. Valvu za ekzosi ni zile za pembeni kila upande.

Hatua ya tatu ndiyo inayohitaji utulivu. Sukuma chini waya unaobana kava, toa kava, kisha upitishe fila kati ya skrubu ya roka na ncha ya valvu: inapaswa kupita kwa kukwaruza kidogo. Isipopita hivyo, legeza nati kwa spana ya 13, rekebisha skrubu kwa bisibisi, kaza nati huku umeishikilia skrubu, kisha pima tena, maana kukaza huibadilisha nafasi mara nyingi. Skrubu iliyochimbika usoni huidanganya fila, kwa hiyo ibadilishe.

Hatua ya nne, zungusha puli ya krenki nusu mzunguko na ufanye silinda namba 4, nusu tena ufanye 3, kisha nusu tena ufanye 2. Wengi huzungusha kinyumenyume ili wafuate 1, 2, 3, 4. Mimi hufuata mwelekeo wa injini, kwani kurudisha nyuma huweza kulegeza nati ya puli.

Safisha nyuso za kava, weka gasketi mpya na urudishe kila kitu.

Andika vipimo ulivyovikuta kabla ya kurekebisha, hasa vya ekzosi ya namba 3, kwa sababu katika injini nyingi za kabla ya 1971 kipoza oili kimekaa kwenye njia ya hewa inayoipoza silinda hiyo. Nafasi ya valvu moja ikipungua kila unapokagua, valvu inarefuka au siti inazama: usiendelee kuiseti, peleka silinda hedi ikafunguliwe.