Halmashauri Ikikupunguza Kazi: Jinsi ya Kufungua Shauri CMA, Mtwara na Lindi

Barua za kusitishiwa ajira kwenye halmashauri za kusini zina msimu wake. Mwaka wa fedha unafungwa 30 Juni. Korosho ikiwa haikutoka vizuri, au bei ikalala mnadani, ushuru wa mazao nao unashuka, na mapato ya ndani ya halmashauri zetu yameegemea hapo. Wa kwanza kuguswa ni wale ambao mshahara wao hautoki hazina: wafagizi, walinzi, madereva, wahudumu wa afya wa mkataba, wakusanya ushuru wenye mashine za POS. Maelezo haya yanawahusu hao zaidi. Mwenye ajira ya kudumu atapata sehemu yake, ila ni fupi, na kubwa ndani yake ni kwamba asije CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi.

Mlango wako ni upi

Mashauri mengi ya watumishi wa halmashauri hufia hapa, tena baada ya miezi ya nauli. CMA haina mamlaka juu ya kila aliyevaa kitambulisho cha halmashauri. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2016, Sheria ya Utumishi wa Umma, kifungu cha 32A, inamtaka mtumishi wa umma amalize kwanza njia zote za rufaa zilizomo ndani ya sheria hiyo kabla ya kugusa sheria za kazi. Mwaka 2022 Mahakama ya Rufani, katika shauri la Shirika la Posta, ilisisitiza kwamba CMA haikuwa na mamlaka ya kusikiliza mgogoro wa mtumishi wa umma. Kwa hiyo usishawishike na mtu wa kaunta atakayepokea fomu yako akitabasamu. Kupokelewa si kukubaliwa. Pingamizi la mamlaka linaweza kuletwa wakati wowote, hata ukiwa umeshashinda.

Toa barua yako ya ajira uisome upya. Ukikuta "masharti ya kudumu na malipo ya uzeeni", wewe ni wa Tume ya Utumishi wa Umma: rufaa ya maandishi ndani ya siku 45, nakala kwa mamlaka iliyokuchukulia hatua, na ukishindwa hapo unakwenda kwa Rais. Mwalimu wa shule ya serikali aanzie Tume ya Utumishi wa Walimu. Ukikuta mkataba wa muda maalumu, au unalipwa kwa siku au kwa saa, sheria hiyohiyo inaiondoa nafasi ya namna hiyo kwenye tafsiri ya ofisi ya utumishi wa umma, na CMA ndiyo kwako.

Kuna wasio na karatasi yoyote, walioingia kwa mdomo na kulipwa kwa dokezo. Hao wakusanye kinachoonyesha malipo na kazi: taarifa ya benki au ya simu, orodha za mahudhurio, ratiba ya zamu yenye jina lao, fomu ya kukabidhiwa POS. Mwajiri ndiye mwenye wajibu wa kuandika masharti ya ajira, na akishindwa kuyaleta mbele ya CMA, mzigo wa kupinga unachodai unamwangukia yeye. Hata hivyo mpelekee mwamuzi kitu cha kushika mkononi.

Kabla barua haijatoka

Kama bado ni tetesi za korido, mna nafasi nzuri kuliko mnavyodhani, lakini kwa pamoja. Kifungu cha 38 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kinamtaka mwajiri anayefikiria kupunguza watu atoe taarifa mapema, atoe taarifa zote zinazohusika, na ashauriane nao juu ya mambo haya: sababu, njia za kuepuka au kupunguza idadi, vigezo vya kuchagua nani aondoke, muda, na malipo. Mashauriano ni kabla ya uamuzi. Kikao cha kusomewa majina si mashauriano, hata kikiwa na soda.

Sasa mashauriano yanafanywa na nani? Kama kuna chama kinachotambulika, na kwenye serikali za mitaa TALGWU, chama cha wafanyakazi wa serikali za mitaa, ndicho kinachojulikana zaidi, kinakwenda chama. Watumishi wengi wa mkataba hudhani chama ni cha wenye ajira ya kudumu tu. Sivyo. Jazeni TUF.6, fomu ya kuruhusu makato ya ada, na kila mmoja abaki na nakala yenye mhuri wa mapokezi. Mwajiri anatakiwa kuanza kukata ndani ya siku 30 tangu aipokee. Mkifika 10 hadi 20 mna haki ya wawakilishi watatu mahali pa kazi, na mkiwa 21 hadi 100 ni kumi. Ukikosa nakala ya TUF.6 utaambiwa siku ya kikao kwamba humo kwenye orodha ya wanachama, na orodha wanayo wao.

Barua ya kwanza ya chama iombe vitu vya kuonekana kwa macho: kasma (fungu la fedha) ya mishahara ya mikataba kwenye bajeti inayoisha na inayokuja, makusanyo halisi ya mapato ya ndani kwa kila robo mwaka, idadi ya nafasi kwa kila idara, na kigezo cha uteuzi. "Tunaomba ufafanuzi" peke yake hujibiwa kwa ufafanuzi. Muulize pia mjumbe wenu wa Baraza la Wafanyakazi kama rasimu ya bajeti ilipita pale kabla ya kufika kwa madiwani, na mwombe muhtasari. Mara nyingi muhtasari ndio unaoonyesha kwamba idara moja ilipunguziwa watu huku kasma ya posho za vikao ikinenepa.

Msipoelewana, jambo linapelekwa CMA kwa usuluhishi hata kabla mtu hajaondolewa. Fomu ni ileile inayoelezwa hapa chini.

Siku 30

Mgogoro wa uhalali wa kuachishwa kazi unafunguliwa ndani ya siku 30 tangu tarehe ya kuachishwa, au tangu mwajiri alipotoa uamuzi wake wa mwisho. Migogoro mingine, kama malimbikizo ya mshahara, ni siku 60. Ni siku za kalenda. Jumamosi imo, Idd imo.

Kinachozimaliza ni upole wetu. Mtu anapata barua, anamwandikia Mkurugenzi kuomba huruma, anaambiwa "ngoja tulishughulikie ndani". Anakwenda kwa diwani, kwa Mkuu wa Wilaya, mwisho anamsubiri mbunge arudi kutoka Dodoma. Barua hizo zote hazisimamishi hesabu. Ziandike ukitaka, lakini fomu iwe imeshaingia.

Ukichelewa, fungua pamoja na ombi la kuongezewa muda lenye kiapo. Eleza umechelewa siku ngapi, kila kipande cha siku hizo kiliishia wapi, na kwa nini shauri lako lina nguvu. "Nilikuwa nauguliwa" bila cheti cha hospitali ni maneno tu. Barabara kukatika kwa mvua kati ya Liwale na Nachingwea inaweza kuwa sababu, ukiwa na tiketi au barua ya mtendaji inayotaja tarehe.

Fungua katika mkoa mgogoro ulikotokea. Aliyeko Nachingwea anaiona Masasi karibu, lakini Masasi ni Mtwara, na shauri lake ni la Lindi. Wa Nanyumbu, Newala na Tandahimba waende Mtwara.

Kujaza fomu namba 1

Fomu inaitwa CMA F1. Hakuna ada ya kufungua, kwa hiyo anayekuomba "ya mafaili" mwombe risiti, utaona anavyopoa. Majina, anwani na simu jaza mwenyewe. Sehemu zinazoumiza ni nne.

Jina la mlalamikiwa. Halmashauri ni chombo chenye uwezo wa kushtaki na kushtakiwa kwa jina lake. Andika "Halmashauri ya Manispaa ya Lindi" au jina kamili la halmashauri yako lilivyo kwenye barua, si "Mkurugenzi", si "Idara ya Afya", na si jina la afisa utumishi hata kama ndiye aliyekukasirisha.

Tarehe mgogoro ulipoanza. Tumia tarehe ya barua au ya kusitishwa, na ifanane kila mahali. Ukiandika mwezi ulipoanza kunyimwa mshahara, unajichelewesha mwenyewe kwenye karatasi.

Aina ya mgogoro, pamoja na Sehemu B. Sehemu B ni ya walioachishwa isivyo halali peke yao. Ukiwa na mkataba wa muda maalumu uliokatwa katikati, dai lako kwa kawaida ni kuvunjwa kwa mkataba, na kinachodaiwa ni mishahara ya miezi iliyobaki. Anayejaza Sehemu B kwa dai la kuvunjwa mkataba anaweza kuona shauri likitupwa kwa kuchanganya mambo mawili. Kama mkataba uliisha wenyewe ukanyimwa mpya, sheria inakusikiliza pale tu ulipokuwa na matarajio ya haki ya kuongezewa. Thibitisha kwa mikataba iliyotangulia kuhuishwa mfululizo, au barua na ratiba za kazi zinazovuka tarehe ya mwisho. Kupangiwa zamu ya Agosti wakati mkataba uliisha Juni ni ushahidi mtamu. Mwenye chini ya miezi sita kazini hana dai la kuachishwa isivyo halali, bali madai ya malipo anayo.

Matokeo unayotaka. Usiandike "haki zangu zote". Taja kila kitu na kiasi chake, kwa sababu usichokiomba ni vigumu kupewa. Kwa anayelipwa kwa mwezi notisi ni siku 28. Kiinua mgongo ni mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliotimia, usiozidi miaka 10, kwa aliyefanya kazi mfululizo angalau miezi 12. Mkataba ulioisha kwa muda wake hauna. Hesabu inayozoeleka ni kugawa mshahara kwa 26: mwenye 390,000 anapata 15,000 kwa siku, mara 7 ni 105,000, na kwa miaka sita ni 630,000. Ongeza likizo isiyolipwa, malimbikizo, fidia, cheti cha utumishi, na kama uliajiriwa mbali, nauli yako na mizigo kurudi ulikoajiriwa. Cheti cha utumishi watu hukisahau, kisha wanakihitaji wanapoomba kazi kwingine.

Unaweza kuijaza kwa Kiswahili. Tangu marekebisho ya 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya sheria na ya utoaji haki, hivyo usimlipe mtu wa stesheneri akuandikie Kiingereza ambacho hata yeye hakielewi.

Mkiwa wengi, fungueni shauri moja. Mmoja anaweza kutia saini kwa niaba, ila lazima iambatishwe orodha ya majina ya waliomteua na kila mmoja asaini mbele ya jina lake mwenyewe. Orodha iliyosainiwa kwa kalamu moja na mkono mmoja inaonekana toka mlangoni.

Masjala kwanza, CMA baadaye

Mpangilio huu unawachanganya wengi. Nakala ya fomu inamfikia mwajiri kwanza, halafu unakwenda CMA na uthibitisho kwamba ameipokea. Toa nakala nne. Moja ibaki masjala ya halmashauri, na zilizobaki zigongwe mhuri wenye tarehe, jina na saini ya aliyepokea. Mhuri bila tarehe ni urembo.

Fika asubuhi. Baada ya saa nne kuna chai, baada ya chai mhuri uko kwa bosi, na bosi yuko kwenye kikao. Wakikataa kupokea, usigombane. Tuma kwa rejista posta na utunze stakabadhi, au nenda na shahidi kisha mwape kiapo kinachotaja siku, saa na ofisi mliyokataliwa. Kumwachia mlinzi getini si kumfikishia mwajiri.

Siku ya usuluhishi

Msuluhishi ana siku 30 za kujaribu kuwapatanisha. Wito unaweza kuja kwa simu, kwa hiyo namba uliyoandika iwe inayopatikana hata ukiwa shambani. Mlalamikaji asipotokea, shauri linaweza kufutwa. Mwajiri asipotokea, msuluhishi anaweza kuliamua. Unaruhusiwa kuwa na kiongozi wa chama, wakili, au mwakilishi uliyemchagua. Njoo na nakala za kila kitu, kwa sababu mwanasheria wa halmashauri huja na faili nene lenye karatasi tatu zinazohusika.

Hapo ndipo utaletewa makubaliano yanayosomeka vizuri: "Halmashauri itamlipa mlalamikaji fedha zitakapopatikana." Usisaini hivyo. Makubaliano yanawabana wote, na sentensi hiyo imekubana wewe tu. Dai kiasi kamili, tarehe ya kila awamu, akaunti itakayolipwa, na kipengele kwamba awamu moja ikirukwa deni lote linaiva siku hiyo. Wakisema wanasubiri msimu wa korosho, sawa, minada inaanza karibu na Oktoba: iandikwe tarehe ya Novemba au Desemba, na deni liingizwe kwenye orodha ya madeni ya halmashauri kabla bajeti ya nyongeza haijapita.

Mkishindwana, omba cheti cha kushindikana kwa usuluhishi siku hiyohiyo na upeleke shauri kwa mwamuzi. Tuzo yake, yaani uamuzi wake wa maandishi, ikitoka, asiyeridhika, awe wewe au halmashauri, ana wiki sita kuomba marejeo Mahakama Kuu, na Kanda ya Mtwara inahudumia mikoa yote miwili. Siku unapochukua nakala ya tuzo, hakikisha tarehe uliyoipokea imeandikwa kwenye daftari la CMA na umesaini mbele yake.