Mnanaha: Utambue Ungali Mche

Mvua za masika zinapoanza katika Kaunti ya Nakuru, miche huchipuka kwa wingi kando ya maboma ya ng'ombe na palipokuwa na marundo ya samadi. Miongoni mwayo huwa mnanaha, gugu la msimu mmoja ambalo kitaalamu huitwa Datura stramonium. Kwa kuwa managu, mboga ya majani ya kienyeji, nayo hupenda udongo wenye rutuba kama huo, mimea hii miwili huota pamoja, na mchumaji wa mboga mwenye haraka anaweza kuitia yote katika kikapu kimoja.

Wakulima wengi huutambua mnanaha kwa ua lake jeupe au la zambarau lenye umbo la tarumbeta, au kwa tunda lake la miiba linalokaribia ukubwa wa yai dogo. Alama hizo ni za kweli, ila huonekana wakati majani machanga yamekwisha kuchumwa, na kwa maoni yangu kuzisubiri ni hatari.

Anza na mche. Majani yake mawili ya kwanza ni membamba na marefu, sentimita 2 hadi 4, ilhali ya managu ni mafupi yenye umbo la yai. Majani yanayofuata huwa hayana meno, na hapo ndipo watu hukosea zaidi. Ponda jani moja kwa vidole: la mnanaha hutoa harufu nzito ya kuchukiza. Nawa mikono mara moja na usiguse macho, kwani utomvu wake hupanua mboni. Mmea ukikua, kingo za majani hupata meno makubwa yasiyolingana, shina hugawanyika panda mbilimbili, na ua moja hutokea kwenye kila panda. Maua ya managu ni madogo, yenye petali tano na kitovu cha njano, nayo huning'inia kwa vishada.

Kila sehemu ya mnanaha ina sumu, hasa mbegu, na kupika hakuiondoi. Kwa hiyo usivune maharagwe au mahindi ya silaji (lishe ya mifugo iliyovundikwa) katika shamba lenye gugu hili kabla ya kuling'oa. Ling'oe kabla tunda halijakauka na kupasuka, kwa kuwa tunda moja hubeba mamia ya mbegu zinazoweza kukaa ardhini miaka mingi zikiwa hai. Mimea iliyokwisha kuzaa usiiache shambani wala usiitupe kwenye mbolea. Ikusanye katika gunia, uikaushe na kuichoma mbali na nyumba, ukijiepusha na moshi.

Mtu aliyekula mboga ya shambani akikauka mdomo, mboni zikapanuka, moyo ukaenda mbio au akaanza kuweweseka, mpelekeni hospitalini bila kukawia, mkibeba tawi la mmea huo au mabaki ya chakula ili mhudumu aone alichokula.